Walihama au walihamishwa? Tujifunze kusoma picha za mabwawa

WIKI jana binti wa jirani yangu hapa Ndabibi alinijia na kitabu kikuukuu cha jiografia. Alikuwa amekodolea macho picha ya Bwawa la Kariba, kwenye Mto Zambezi. "Guka, mbona hapa hakuna watu?" akaniuliza. Nusura nimjibu kwamba hiyo ni picha ya bwawa, si ya watu. Nikajizuia. Swali lake ndilo hasa swali la mhakiki.

Picha, sawa na hadithi, huwa na msimulizi. Anayepiga picha ya bwawa kubwa husimama mlimani au hupanda ndege. Kutoka huko ukuta huonekana mkubwa, maji yametulia, naye binadamu ni nukta, kama anaonekana kabisa. Hayo ni macho ya mhandisi na ya serikali iliyomtuma.

Chini ya picha pameandikwa kwamba wakazi wa bonde "walihamia" kwingine. Hapo sarufi inamsaidia mpiga picha. Ndege huhama. Mfugaji huhama na ng'ombe wake akitafuta malisho. Lakini Watonga wapatao 57,000 wa bonde lile hawakuhama, walihamishwa. Mwaka 1958, huko Gwembe, waliokataa kuondoka walipigwa risasi na polisi, wanane wakafa. Viambishi viwili vidogo, -ish- na -w-, vinatukumbusha kwamba kuna aliyewaondoa.

Ajabu ni kwamba picha za Kariba zilizovuma duniani ni za wanyama wakiokolewa kwa mashua, katika operesheni iliyopewa jina la Nabii Nuhu. Kumbe kamera ilijua kusogea karibu ilipotaka!

Sisemi mabwawa yasijengwe. Sehemu ya stima inayoniwashia taa nikiandika makala hii hutoka Masinga na Kiambere, kwenye Mto Tana, na huko pia kuna walioachia maji mashamba yao. Ninachosema ni kwamba picha isiyo na watu isituhadaie tukadhani palikuwa patupu.

Sisi wa Nakuru tunalijua hili vyema. Usiku wa Mei 9, 2018, Bwawa la Patel lilivunja kingo zake huko Solai na kuua watu zaidi ya 40. Picha za siku zilizofuata zilipigwa matopeni, karibu na waliokuwa wakiwatafuta wapendwa wao. Safari hii watu walionekana. Je, ni lazima ukuta ubomoke ndipo anayeishi chini yake aingie kwenye picha?

Nilimwambia yule binti arekebishe maelezo yale: "walihamishwa".

"Lakini Guka, kitabu ni cha shule!"

"Basi andika kwa penseli," nikamwambia. "Ila andika."