Kiswahili Gizani: Maoni ya Mtazamaji wa Kawaida juu ya Filamu Chache

Mwandishi wa makala haya si mtaalamu wa sinema. Hajui namna kamera inavyoshikwa wala hesabu za mwanga, na aghalabu huingia katika ukumbi wa sinema kwa sababu zile zile ziwaingizazo watu wengi: ni Jumamosi, watoto wanasumbua, na nje mvua inanyesha. Kazi yake ni kufundisha lugha. Kwa hiyo yatakayosemwa hapa yachukuliwe kuwa ni maoni ya mtu aliyelipa kiingilio chake, akaketi, ila sikio lake likakataa kupumzika. Swali linalotushughulisha ni hili: neno la Kiswahili linapotiwa katika filamu, linatiwa lifanye kazi gani, na linasemwa kwa ajili ya masikio ya nani?

Tuanze na filamu iliyotuingiza katika swali hilo. Mnamo Desemba 2024 ilitolewa Mufasa: The Lion King, iliyoongozwa na Barry Jenkins. Kisa chake kinatangulia kile cha The Lion King ya mwaka 1994, ambayo nayo ilitengenezwa upya na Jon Favreau mwaka 2019. Mufasa, akiwa bado mtoto, anachukuliwa na mafuriko na kutenganishwa na wazazi wake. Anaokolewa na mwana wa mfalme wa kundi jingine la simba. Wawili hao wanakua kama ndugu, wanasafiri pamoja, na hatimaye udugu wao unageuka uadui. Mwana wa mfalme huyo anaitwa Taka.

Nilikuwa nimeketi na mwana wa dada yangu, mwenye umri wa miaka minane. Jina hilo lilipotajwa kwa mara ya kwanza aliniegemea akauliza kwa sauti iliyofika safu tatu mbele yetu: "Mjomba, mbona mtoto wa mfalme wamemwita Taka?" Watu wakacheka. Mimi sikuwa na jibu, na hata leo sina jibu linaloniridhisha.

Katika uhakiki wetu tunayo istilahi ya majazi, yaani jina la mhusika linalobeba tabia yake au hatima yake. Kwa kipimo hicho jina la Taka ni zuri mno. Taka ni uchafu utupwao jaani. Taka pia ni mzizi wa kutaka, na simba huyu ni mtu wa kutaka: anataka kiti, anataka mapenzi ya simba jike ambaye moyo wake uko kwa mwingine. Mwishowe jina lake lenyewe linatupwa, naye anabaki kuitwa Scar, yaani Kovu. Lau mtunzi angalikuwa Mswahili tungalimsifu darasani kwa ustadi huo. Lakini majazi huhitaji hadhira inayosikia. Ndani ya filamu hii hakuna hata mmoja anayesikia jina hilo lina maana gani. Mama yake halijutii, adui hamtanii kwalo, ndugu yake hamwonei haya. Kwetu sisi jina lina kisa: mtu akiitwa Tabu, Shida au Mashaka, wako wazee watakaokueleza ni mwaka gani na ni msiba gani. Taka wa filamu hana kisa. Ana sauti tu.

Ndivyo ilivyo tangu mwanzo wa mfululizo huu. Simba anaitwa Simba. Ngiri anaitwa Pumbaa. Malkia anaitwa Sarabi, yaani mazigazi, na hapo nakubali kwamba mchaguzi alikuwa na jicho la ushairi. Katika filamu ya pili, iliyotolewa mwaka 1998, wako Kovu, Nuka na Vitani. Yaonekana mtu alifungua kamusi akaokota maneno kama mtu aokotavyo shanga, kwa rangi zake. (Ama kuhusu Nala, vitabu vya majina ya watoto huko ng'ambo hueleza mara kwa mara kwamba maana yake ni "zawadi" kwa Kiswahili. Kiswahili hicho kinasemwa wapi, hatujaambiwa.) Shanga nyingine lakini zina ncha. Fisi mmoja anaitwa Shenzi, neno ambalo wazee wetu walitukanwa nalo mashambani na jikoni mwa walowezi, nasi tunaalikwa tulicheke pamoja na watoto wetu kana kwamba halikuwahi kuuma.

Kuna neno moja ambalo kosa lake lilinipendeza. Nchi ya neema wanayoitafuta simba hawa inaitwa Milele. Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba milele si mahali bali ni muda usio na mwisho, na mwanafunzi akiandika "tulikwenda Milele" atasahihishwa kwa wino mwekundu. Hata hivyo, niliposikia mzazi akimsimulia mwanawe juu ya nchi yenye jina hilo, nilihisi neno limefunguka mlango ambao sikujua kama linao. Sijui kama waandishi walikusudia hivyo. Nadhani waliipenda sauti, na bahati ikawafadhili.

Jambo zito zaidi ni kwamba lugha iliyotoa majina haikupewa kinywa. Wimbo unaofungua filamu ya 1994 una maneno ya Kizulu, na filamu hiyo ilitiwa sauti kwa Kizulu pia, hata mtoto wa Durban akaweza kumsikia Simba akisema lugha ya nyumbani. Hatuwaonei wivu ndugu zetu hao. Wamepata haki yao. Kiswahili kilipata hakuna matata, na kampuni ya Disney ikaomba maneno hayo mawili yawe alama yake ya biashara nchini Marekani mwaka huo huo wa 1994, ikasajiliwa mwaka 2003. Malalamiko yalipozuka mwishoni mwa 2018, wanasheria walieleza kwamba alama hiyo haimzuii mtu yeyote kuyasema. Ni kweli. Lakini waliolalamika hawakuwa wanaogopa kukamatwa kwa kusema. Walikuwa wanauliza ni vipi neno la watu wote linaweza kuandikwa katika daftari la mtu mmoja.

Neno rafiki litatusaidia kuona tofauti. Katika filamu za simba Rafiki ni nyani mzee, mganga na msimulizi. Katika filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018, Rafiki ni jina la filamu yenyewe, na neno limebebeshwa mzigo mwingine kabisa. Kena na Ziki ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana katika uchaguzi, nao wanapendana. Filamu hii ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, na ilipokuwa ikionyeshwa huko ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku hapa nchini. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Mwongozaji ameeleza kwamba wapenzi wa namna hiyo hulazimika kujulishana mbele za watu kwa neno hili tu, rafiki, na ndiyo sababu ya jina. Msomaji anaweza kuikubali filamu hiyo au kuikataa; sisi hapa tunatazama neno. Ni neno linalosema na kuficha kwa pumzi moja, na anayelijua analisikia likifanya kazi hiyo. Hii ndiyo majazi yenye hadhira.

Lakini hapa pia sikio langu lilikuwa na manung'uniko. Wasichana hawa, katika nyakati zao za faragha, aghalabu husemezana kwa Kiingereza. Mtu atasema: huo ndio uhalisi, vijana wa Nairobi waliosoma hupendana kwa Kiingereza. Huenda. Nimewasikia wanafunzi wangu kwenye vijia vya chuo, na siwezi kuapa kinyume. Ila nilitoka ukumbini nikijiuliza ikiwa lugha iliyotoa jina la filamu ilishindwa kweli kusema "nakupenda", au hakuna aliyeijaribu.

Kwamba inaweza, tumeoneshwa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, inatupeleka Unguja ya miaka ya 1950, kwa Yasmin, Denge na Mwajuma, na humo watu hupendana, hunong'onezana na hupanga siasa kwa Kiswahili. Ni filamu nzuri kwa macho. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni unyamavu. Shafi ni mwandishi wa mazungumzo. Wahusika wake hubishana na kutaniana hata msomaji akasahau kupindua ukurasa. Mwongozaji amependa zaidi vivuli na mwanga wa taa, nami nikatamani waseme. Tena palikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, nikagundua kwa aibu kwamba macho yangu yalikuwa yakiyasoma huku masikio yakisikia lugha yangu mwenyewe. Watu waliokuwa nyuma yangu walicheka kabla ya mzaha kutamkwa. Walikuwa wamekwisha kuusoma.

Sasa tutoke katika kumbi za viti vya kukunja, kwani umma wetu mkubwa haukuonea sinema humo. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga (2012) inaanza na Mwas, kijana wa kijijini anayeuza filamu za kigeni na kuwaigizia wateja matukio yake, mapigo na milio ya bunduki ikiwemo. Mwas ana jamaa zake katika maisha. Katika vibanda vya video umma wa Afrika Mashariki umezitazama filamu za Marekani, China na India kupitia kinywa cha msimulizi: Lufufu huko Dar es Salaam, na hapa kwetu DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana na watu wasiomjua mwongozaji hata mmoja wa Hollywood. Msimulizi huyu hatafsiri. Hupunguza sauti ya filamu, akaweka yake. Humpa jambazi jina la mtaani, humwonya shujaa, humkumbusha mtazamaji deni la nyumba, hubashiri, hukosea, hujicheka. Wanafunzi wa fasihi simulizi watamtambua mara moja: ni fanani, na hadhira yake humjibu.

Tusimpambe kupita kiasi. Baadhi ya wasimulizi huziba kimya kilichokuwa na maana, na baadhi huwasema wahusika wa kike kwa namna ambayo nisingependa mpwa wangu aige. Lakini katika kibanda kile Kiswahili, na Sheng pamoja nacho, ndicho chenye mamlaka, na filamu iliyogharimu mamilioni ya dola hukaa kimya kidogo ili mtu wa Eastlands amalize sentensi yake.

Miezi kadhaa baada ya siku ile ya mvua nilimkuta mpwa wangu sebuleni kwao akiitazama Mufasa tena, na mdogo wake wa kike kando yake. Alikuwa amepunguza sauti. Taka alipojitokeza, mtoto alinyoosha kidole: "Huyu babake alitaka mtoto mwingine, akamtukana. Ndiyo maana ana hasira. Sasa ngoja uone." Binti akauliza kama jina hilo litatolewa. Kaka yake akafikiri kidogo, akasema wataliosha.