Pongezi kwa Mafundi wa Kongo

Kule Kongo, sehemu ya mtaa wa Kawangware, Nairobi, mafundi wa magari hufanya kazi juani, uwanja mmoja kwa wote: wa injini, wa umeme, wa kunyoosha bodi. Jeki kubwa ya magurudumu wanapokezana. Lifti ya nguzo mbili hawana: ni ghali, tena inataka sakafu ya zege nzito. Udongo mtupu hauishiki.

Mimi nawavulia kofia kabla hata spana haijaguswa. Tazama gari aina ya Probox, takribani tani moja, likiinuliwa. Breki ya mkono inavutwa, mawe yanasukumwa kwenye tairi zinazobaki chini, ubao unatandikwa jeki isizame. Jeki inaegemezwa kwenye chesisi, kamwe si kwenye sampu ya mafuta. Kisha stendi za chuma zinaingia, jeki inalegezwa hadi uzito uzikalie, na fundi analisukuma gari kwa bega. Likitulia, ndipo mwanagenzi anaambiwa, "Haya kijana, ingia."

Wanajua kwa nini. Jeki hushikilia gari kwa mafuta yaliyozuiwa na sili ya mpira. Sili ikichakaa, mafuta hupenya na gari hushuka, pengine ghafla. Jeki ni ya kuinua, stendi ndiyo ya kubeba.

Hata Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inagusa mitambo ya kuinulia. Nayo Kaunti ya Nairobi ingewamwagia zege na kuwawekea lifti moja ya pamoja, ingepata watunzaji wazuri.