Singapore Kwanza, Bangkok Mwisho

Mtu wa Eastlands, Nairobi, akisema anakwenda Bangkok, jirani humuuliza anakwenda kuchukua bidhaa gani. Njia ya wafanyabiashara inajulikana: ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, chumba mtaa wa Pratunam, kuzunguka maduka ya jumla kutwa nzima, kisha kurudi na nguo za kujaza duka Eastleigh au Kamukunji. Kwa mchuuzi aliye peke yake njia hiyo haina kasoro. Kwa familia inayotaka kuona miji kadhaa na kununua pia, kasoro ni kubwa. Manunuzi hutangulia, na kuanzia hapo mizigo ndiyo huamua familia ilale wapi, ipande gari gani na ifike wapi.

Jirani zangu wa Kariobangi South waliigeuza njia hiyo kichwa chini miguu juu, na wameniruhusu nieleze walivyofanya bila kuwataja majina. Baba ana karakana Light Industries, upande ule ambako vichwa vya injini vilivyochakaa huyeyushwa na kumiminwa kuwa sufuria. Mama anauza nguo za watoto. Wana wao wawili wako shule ya msingi. Walikwenda Singapore, Kuala Lumpur na Bangkok, kwa mpangilio huohuo, na mpangilio ndio ninaouchambua hapa.

Waliangalia tiketi kabla ya kuangalia hoteli. Hawakukata ya kwenda na kurudi mji mmoja. Walikata moja inayoingia Singapore na kutokea Bangkok. Mashirika yanayopitisha abiria wa Nairobi kwenye viwanja vya Addis Ababa, Dubai na Doha hutua miji yote miwili, kwa hiyo tiketi ya aina hii hupatikana kwa shirika moja. Ina faida mbili. Afisa wa uhamiaji akitaka kujua utaondokaje Asia, jibu liko kwenye karatasi ileile. Pia kilo za kurudi nyumbani zimekwisha kulipiwa. Yao iliruhusu masanduku mawili ya kilo 23 kwa kila abiria, na mtoto aliyekatiwa kiti ni abiria kamili. Watu wanne, masanduku manane, kilo 184. Walitoka Kariobangi na masanduku mawili tu kwa wote, mabegi matupu ya turubai yamekunjwa ndani. Hapo ndipo mpango mzima ulipokaa: kwenda mikono mitupu, kununua mwishoni, na kununulia katika mji ambao ndege ya nyumbani inaondokea.

Karatasi zilichukua muda mrefu kuliko safari yenyewe. Tangu Machi 2024 pasipoti ya kurasa 34 inagharimu shilingi 7,500, na watoto nao wanahitaji zao, kwa hiyo nyumba ya watu wanne hutumia 30,000 kabla ya kuona ndege. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya. Singapore, Malaysia na Thailand zote huuliza cheti, na Singapore inaweza kumweka karantini asiyekuwa nacho. Cheti huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016, chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani, hudumu maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa zamani atafute kadi yake kabatini kabla ya kulipia nyingine.

Katika viza, miji hii mitatu haifanani kabisa. Mkenya huingia Singapore bila viza, na Malaysia vilevile kwa matembezi mafupi. Thailand inadai viza. Mwaka 2024 ilipofungua milango kwa raia wa nchi 93 bila viza, Kenya haikuwemo. Maombi sasa hufanywa kwa mtandao, kila mtoto na fomu yake, pamoja na taarifa ya benki, hoteli na tiketi. Walioshauriwa vibaya huacha jambo hilo liwe la mwisho kwa kuwa Bangkok ndiyo ya mwisho katika ratiba. Hawa walilifanya la kwanza, na hawakulipia kitu kisichorudishwa hadi viza nne zilipotoka. Ni uamuzi ninaouheshimu sana, maana ulihitaji subira wakati bei za ndege zilikuwa zikipanda mbele ya macho yao.

Likizo ya Aprili inaangukia kwenye joto kali la Bangkok na sikukuu ya Songkran, tarehe 13 hadi 15, ambapo wenye maduka wengi hufunga na kurudi kwao vijijini. Agosti ni mvua. Novemba, waliyoichagua wao, shule zetu zikiwa zimefungwa, Bangkok inaingia kipindi chake kikavu, na mvua zinaanza kuongezeka Singapore. Hilo nalo liliupendelea mpangilio wao. Singapore ina vya kutosha kuonwa chini ya paa, na mvua haimsumbui mtu asiye na mzigo.

Singapore walitazama, hawakununua. Bustani za Gardens by the Bay hazina kiingilio sehemu ya nje, na minara ile iliyovikwa mimea huwashwa taa kwa muziki saa mbili kasorobo na saa tatu kasorobo usiku. Watoto walitaka kubaki kuiona mara ya pili, na wazazi wakakubali, kwa sababu hakuna duka lililokuwa likiwasubiri asubuhi. Walikula kwenye kumbi za vibanda vya chakula, utamaduni ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2020, ambapo sahani ya wali na kuku haimtishi mtu wa kipato cha kawaida. Hoteli ndiyo iliyowaumiza mfuko. Chumba cha watu wanne Singapore ni ghali, na kwa maoni yangu walikaa usiku mmoja zaidi ya ilivyohitajika.

Kuna sababu ya kiufundi ya kutonunua pale ambayo wengi hawaijui. Tangu Januari 2024 kodi ya bidhaa Singapore ni asilimia 9, na mtalii anayenunua kuanzia dola 100 za huko kwenye duka lililosajiliwa anaweza kurudishiwa. Lakini marejesho hayo hutolewa kwa anayeondoka kwa ndege au kwa meli ya utalii. Anayevuka kwenda Malaysia kwa basi hapati kitu. Familia hii ilikuwa inaondoka kwa basi. Simu aliyoitamani baba katika duka la Mustafa Centre ilibaki humohumo.

Basi la Kuala Lumpur ndilo lililothibitisha hesabu. Mpakani, upande wa Malaysia, kila abiria hushuka na mizigo yake yote, huipandisha ngazi au lifti, huipitisha kwenye mashine, kisha huishusha tena kulitafuta basi lake kati ya mabasi yanayofanana. Mama aliniambia alimwona mwanamke wa familia nyingine akiwa na masanduku matano na mtoto mgongoni, akisogeza sanduku moja hatua chache, akirudi kuchukua la pili, huku foleni ikimpita. Wao walikuwa na mawili, na kila mzazi mkono mmoja ulikuwa huru kumshika mtoto.

Kuala Lumpur ilikuwa ya kupumzika. Walipanda ngazi 272 za Batu Caves, zilizopakwa rangi nyingi mwaka 2018, ambazo watoto walizihesabu wakakosana. Waliyatazama majengo ya Petronas, mita 452, wakiwa bustanini chini bila kulipia kupanda. Halafu ndege ya bei nafuu hadi uwanja wa Don Mueang, Bangkok. Ndege hizo huruhusu kilo saba tu mkononi na kila kilo ya ziada hulipiwa. Aliyekwisha kununua Singapore na Kuala Lumpur hapa hulipa tena kwa alichokinunua. Wao walilipia masanduku mawili, basi.

Bangkok walipanga chumba Pratunam, kama wafanyabiashara, na sababu yake ilikuwa reli. Kituo cha Ratchaprarop kiko karibu, na treni yake huenda moja kwa moja hadi uwanja wa Suvarnabhumi ambako ndege yao ingeondokea. Karibu pia kuna gati ya boti za mfereji wa Saen Saep, zinazokwepa foleni ya magari kwa nauli ndogo. Siku za mwanzo walizitoa kwa macho. Kasri la Mfalme, lililoanza kujengwa 1782, kiingilio chake kwa mgeni ni baht 500, na baht moja ni karibu shilingi nne. Mtoto aliye chini ya sentimita 120 haingii kwenye hesabu. Tiketi hufungwa saa tisa na nusu alasiri, na mabega na magoti lazima yafunikwe. Karibu na hapo, kwenye hekalu la Wat Pho, Buddha aliyelala ana urefu wa mita 46, na ukitaka kumwona mzima kwa mara moja huwezi, nguzo zinakuzuia. Watoto walitembea kutoka kichwani hadi nyayoni wakiwa kimya, jambo ambalo baba yao analitaja kila mara.

Manunuzi yaliachiwa siku za mwisho, na yakapangwa yaangukie Jumamosi, kwa sababu soko la Chatuchak, lenye vibanda zaidi ya 15,000, huwa na watu kwelikweli mwisho wa wiki. Lakini kazi yenyewe ilifanyika Platinum, jengo la maduka zaidi ya 2,000 ya nguo pale Pratunam. Bei mle ni mbili, ya kipande kimoja na ya vipande vitatu na zaidi. Maduka mengi hayalazimishi vitatu hivyo vifanane, mradi vitoke duka moja. Mama, mzoefu wa soko la Gikomba, aliligundua hilo haraka. Alisimama kwenye kibanda kimoja cha nguo za watoto, akachukua gauni, fulana na suruali za saizi tofauti, akaziweka mbele ya muuzaji. Muuzaji akaandika bei kwenye kikokotoo na kumgeuzia. Mama akaongeza kipande cha nne, akamrudishia kikokotoo bila neno. Tarakimu zikashuka. Walielewana hivyo hadi mwisho. Kuhusu saizi alikuwa mkali: nguo nyingi za huko hukatwa kwa miili midogo, kwa hiyo alibeba utepe wa kupimia na vipimo vya kila mtoto wa ukoo vimeandikwa daftarini. Herufi zilizoshonwa kolani hakuzijali.

Baba alikwenda soko la Khlong Thom kutafuta zana za karakana. Hapo mvutano wa kilo ulianza. Boksi la ncha za drili na vifaa vya kukatia hesi halijai kofia, lakini uzito wake ni wa magauni mengi. Waliamua kwa mizani ya mkono, ile ya kuning'iniza begi, waliyoinunua Nairobi. Kila jioni begi lilining'inizwa mlangoni na kilo kuandikwa, na chuma kiligawanywa chini ya kila sanduku ili pasiwe na moja lililovuka 23. Zana zote zilikwenda kwenye mizigo ya chini, maana kwenye begi la mkononi zingekamatwa.

Thailand nayo hurejesha VAT, asilimia 7, kwa ununuzi wa kuanzia baht 2,000 duka moja siku moja. Ila fomu hutolewa na maduka yaliyosajiliwa tu. Vibanda vya bei ya jumla kwa kawaida havimo. Walirejeshewa kwa viatu vya dukani tu. Nadhani walifanya vema kutoikimbilia, kwa kuwa bei ya vipande vitatu inapunguza zaidi ya asilimia 7.

Suala lililohitaji uamuzi mgumu ni duka la mama. Pesa alikuwa nazo, bidhaa ziko mbele yake, na masanduku yalikuwa na nafasi. Novemba 2023 mamlaka ya ushuru, KRA, ilipowakumbusha wasafiri kuhusu ushuru wa vitu vilivyozidi dola 500, nchi ilipiga kelele, na katika kelele hizo jambo moja lilisahauliwa: msamaha wa msafiri ni wa vitu vyake mwenyewe na vya nyumbani kwake. Magauni thelathini ya aina moja ni bidhaa, hata yakigawanywa kwenye masanduku ya watoto. Mama aliyatenga. Ya kuuza aliyakabidhi kwa wakala wa mizigo hapohapo Pratunam, yakaja kwa meli kwenye kontena la pamoja na ushuru wake. Ya familia yakaja na ndege, risiti kwenye bahasha moja. Meli ilichukua muda, na Krismasi ikapita kabla mzigo haujafika. Alipoteza msimu, akapata amani kwenye uwanja wa JKIA. Mimi ningefanya vivyo hivyo nikiwa na watoto nyuma yangu kwenye foleni ile.

Usiku wa mwisho walivua kila nguo kutoka mfuko wake wa nailoni, kwa kuwa Kenya imepiga marufuku mifuko hiyo tangu Agosti 2017 na abiria huachishwa uwanjani. Kazi hiyo ilipunguza pia ukubwa wa mzigo kuliko walivyotarajia. Masanduku sita yalitosha, mawili ya haki yao hawakuyatumia.

Familia itakayonyimwa viza ya Thailand haina haja ya kuvunja safari. Iikate tiketi ya kuingia Singapore na kutokea Kuala Lumpur, ambako nguo za jumla ziko Kenanga Wholesale City. Marejesho ya kodi kwa watalii Malaysia iliyaondoa mwaka 2018, kwa hiyo bei unayokubaliana na muuzaji ndiyo ya mwisho, na chumba kichukuliwe karibu na KL Sentral, treni ya uwanja wa ndege inakoanzia.