Pikapu Iliyoitangulia Ferrari: Siri Iko kwenye Transfa

Mwaka 1991 jarida la Marekani, Car and Driver, liliipambanisha pikapu ndogo nyeusi, GMC Syclone, na Ferrari 348ts. Katika robo maili, yaani kama mita 400, pikapu ilitumia sekunde 14.1 na Ferrari 14.5. Wapenzi wa magari wameisimulia habari hiyo kwa miaka mingi, lakini kipande kimoja huachwa: Ferrari ilivuka mstari ikiwa na mwendo mkubwa zaidi. Ilikuwa inaikaribia pikapu. Ushindi wa Syclone ulipatikana mwanzo kabisa, pale magari yalipoondoka, na anayetaka kuitunza pikapu hii leo lazima aelewe kilichotokea hapo.

Injini yake haikuwa ya ajabu. Ni V6 ya lita 4.3 iliyokuwa ikifungwa kwenye pikapu na magari ya mizigo ya General Motors. Mgandamizo ulishushwa hadi 8.35 kwa 1, ikafungwa tabo ya Mitsubishi, ikatoa nguvu farasi 280, pungufu kidogo ya Ferrari. Nguvu hizo ukizipeleka kwenye tairi mbili za nyuma za pikapu tupu, ambayo nyuma yake ni nyepesi, zitasaga lami bila gari kwenda popote. Ndiyo maana ikawekwa transfa ya BorgWarner inayopeleka asilimia 35 ya msuli mbele na 65 nyuma, wakati wote, bila dereva kubonyeza chochote. Ukikanyaga mafuta, tairi zote nne zinashika. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa iliyofanywa pale. Tabo ilifuata nyuma yake.

Ndani ya transfa kuna kifaa chenye pleti nyembamba zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Ekseli za mbele na nyuma zikizunguka kwa kasi tofauti, pleti hukata mafuta yale, yanapata moto, na kifaa kinabana ili upande unaoteleza usiibe nguvu zote. Mwenye Subaru ya gia za mkono anaifahamu kanuni hii. Sasa fikiria mtu amefunga tairi mbili mpya nyuma na kuacha mbili zilizolika mbele. Mzingo wake haulingani, kwa hiyo pleti zinasuguana kutwa nzima hata kwenye barabara iliyonyooka, mpaka mafuta yanaungua na kifaa kinakufa. Tairi za Syclone zinanunuliwa nne kwa pamoja. Hapa hakuna kubana matumizi.

Jambo la pili la kuangalia, baada ya tairi, ni joto. Hewa inayotoka kwenye tabo hupozwa na maji yenye mzunguko wake, rejeta yake ndogo na pampu yake ya umeme. Pampu hiyo ikifa, hakuna taa inayowaka. Gari linaendelea kwenda, ila hewa inaingia moto, injini inaanza kugonga, kompyuta inachelewesha cheche, na mwenye gari anadhani injini imechoka. Fundi makini huanza kwa kuhakikisha maji yanazunguka kabla hajafungua boliti hata moja.

Wengi hushawishika kuongeza presha ya tabo. Kiwandani iliwekwa karibu psi 14, na sensa inayopima presha ya hewa inafika mwisho wa uwezo wake karibu na hapo. Ukipita, kompyuta haioni tena hewa iliyozidi, haiongezi petroli, na pistoni ndizo zinazolipa. Sensa na programu ya kompyuta vibadilishwe kwanza.

Giaboksi ni 4L60 ya gia nne, na kuna kebo inayotoka kwenye throto kuiambia ipandishe presha ya mafuta kiasi gani. Kebo ikilegea, pleti za gia ya tatu na ya nne zinateleza na kuungua. Marekebisho yake ni ya dakika chache. Kuipuuza ni kufungua giaboksi nzima.

Mwaka 1991 zilitengenezwa 2,995, zikakamilishwa na Production Automotive Services huko Troy, Michigan. Beringi, gasketi na pampu ya maji ya injini bado zinapatikana kwa kuwa injini ilienea. Plastiki za bodi na manifoldi ya hewa hazikuenea hivyo, na kuzipata ni shida kubwa. Iliyogongwa ubavuni itakusumbua kuliko yenye injini mbovu.

Unapokwenda kuikagua, injini ikiwa imepata moto, tafuta uwanja mkavu, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole. Gari likijivuta na tairi za mbele zikirukaruka, kifaa cha transfa kimeganda, na bei ianzie kujadiliwa hapo.