Fundi wa Pompi ya Mazutu Hupimwa Hivi

Fundi akisikia tu kwamba Land Cruiser yako inachelewa kuwaka, naye papo hapo akatamka "pompi imekufa", muage kwa heshima. Katika njia yote ya mazutu hakuna kifaa cha bei kama hicho, na fundi anayekijua hukishuku mwisho.

Hapa Goma kuna vingine vingi vya kushuku. Mazutu ya kadhafi, wachuuzi wa mafuta, hushinda kando ya barabara kwenye bidoni, na maji hayakosi njia. Basi aanze na filta: afungue kizibo cha chini, amwage kidogo kwenye chupa angavu, aone kama maji yanatuama. Asikilize pia vali ya umeme ya pompi. Swichi ikifunguliwa lazima ilie "tak". Kisha aning'inize bidoni ndogo ya mazutu safi juu ya injini, avute mpira moja kwa moja hadi kwenye pompi. Injini ikitulia, pompi haina kosa: tatizo liko kwenye tanki, filta au mpira unaovuta hewa. Jaribio hili halitaki mashine yoyote, nami humpima fundi kwalo zaidi kuliko kwa jingine.

Moshi nao hudanganya. Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Pompi iliyopangwa kwa kipimo cha pwani, isiyo na kifaa cha kurekebisha mwinuko, itafusha moshi mweusi ikipanda kutoka Sake kwenda Masisi, ilhali haijaharibika kitu.

Injini ya 1HZ ya Land Cruiser ndiyo kipimo halisi cha akili ya fundi. Pompi yake ya mzunguko ina pistoni moja tu inayolisha silinda zote 6. Kwa hiyo silinda moja ikikosa, fundi makini huhamishia nozeli yake kwa jirani, aone kama ugonjwa umehama. Usipohama, apime mgandamizo. Pistoni ya pompi ikilika, silinda zote huumia pamoja: asubuhi gari linawaka bila taabu, likishapata moto linakataa, kwa kuwa mazutu ya moto ni mepesi na hupenya pembeni mwa pistoni. Hapo fundi hufunika pompi kwa kitambaa cha maji baridi, husubiri, kisha hupiga starta. Likiwaka, kichwa cha pompi kimekwisha. Kitambaa, si ndoo. Maji ya ghafla yanaweza kuikwamisha. Kinachoila mara nyingi ni mazutu yaliyochanganywa na mafuta ya taa, maana pompi hii haina kilainishi kingine zaidi ya mazutu yenyewe.

Akitaka kuifungua uani, katika vumbi la lava, kataa. Nafasi kati ya pistoni na kichwa chake ni sehemu chache tu za elfu za milimita. Ipelekwe penye meza ya kupimia, nawe udai karatasi ya vipimo vya kila tundu, katika mwendo wa taratibu na wa kasi.

Ikirudi, usilipe kwanza. Endesha hadi Sake, zima injini ikiwa moto, subiri robo saa, ndipo upige starta.