Alama Ndani ya Kifuniko

Zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu juu ya kitambaa cha kijani, na fundi alikuwa amezimulika kwa taa yake ya shingo ndefu. Zote mbili ni saa za Omega Speedmaster. Ya kulia ilitengenezwa mwaka 1978, mali ya baharia mstaafu wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye macho yake hayaioni tena mishale midogo, kwa hiyo ameamua kuiuza. Ya kushoto ilinunuliwa Dubai miezi michache nyuma, na mwenyewe ameileta ipunguzwe mkanda.

"Keti uzitazame, mwanangu," fundi akaniambia. "Ya bei tutayazungumza baadaye."

Nilikuwa nimeweka akiba kwa miaka sita. Bei ya ile kuukuu na bei ya mpya kama ya kushoto hazikuachana sana, kwa hiyo fedha haikuweza kuniamulia. Ilibidi niamue kwa macho, kwa masikio, na kwa kile nilichokijua juu ya mikono iliyozitengeneza.

Kwa mbali ni pacha. Uso mweusi, vijiduara vitatu, mishale myeupe, na pete nyeusi ya nje yenye vipimo vya mwendo kasi. Saa hii ilitoka kwanza mwaka 1957, ikikusudiwa mashindano ya magari, na tangu miaka ya 1960 sura yake imebadilika kidogo mno hata mtoto angezitambua zote kuwa za ukoo mmoja. Naiona hiyo kuwa kazi ya ufundi kamili. Kubuni ni kugumu, lakini kukaa miaka sitini ukijizuia usiguse kilichokwisha kukaa sawa ni kugumu zaidi. Na kuna jambo la kwetu ambalo huwa silisikii likitajwa: uso wake hauna namba za saa, una vijiti vyeupe tu. Mswahili aliyezoea kuona mshale mfupi umeelekea 10 naye akasema ni saa nne hapa hana cha kuvuka. Uso umenyamaza, ukimwachia msomaji ataje saa kwa lugha yake.

Kwa mazoea, mapenzi yangu yalikuwa kwa ya kuukuu. Nilikwenda pale nikiamini kwamba saa ya zamani ina mkono wa mtu ndani yake, na ya sasa ina kiwanda tu. Muda wa saa mbili juu ya kigoda ulinibadilisha.

Tuanze na sifa inayozifanya zote mbili zitamaniwe. Katikati ya miaka ya 1960 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilihitaji saa ya mkono kwa wanaanga wake. Mhandisi James Ragan alipewa kazi ya kuzijaribu saa za kampuni kadhaa, na majaribio yenyewe yalikuwa mateso. Saa ilikaa siku mbili nzima katika joto la nyuzi 71, kisha nusu saa katika nyuzi 93. Ikatiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikapigwa mishtuko sita, kila mmoja ukizidi uzito wake mara arobaini, kila mmoja kutoka upande wake. Ikawekwa mahali pasipo na hewa, penye unyevu mzito, penye mtetemo na kelele za kupasua masikio. Tarehe 1 Machi 1965 ilithibitishwa kuwa Speedmaster ndiyo iliyofaulu. Miaka minne baadaye ilikuwa mkononi mwa Buzz Aldrin juu ya mwezi. Na Aprili 1970, tangi la oksijeni lilipolipuka ndani ya chombo cha Apollo 13 na mitambo kuzimwa ili umeme usiishe, injini ilipaswa kuwashwa kwa sekunde 14 kurekebisha njia ya kurudi duniani. Mwanaanga Jack Swigert alizipima sekunde hizo kwa saa aliyoivaa. Watatu waliokuwamo walirudi nyumbani.

Wauzaji wa saa kuukuu huzitegemea hadithi hizo. Hata yule baharia, mtu mwaminifu kabisa, alimwambia fundi kwamba yake ni "ile ya mwezini". Fundi akachukua ufunguo wake wa vifuniko, akakizungusha kifuniko cha nyuma, kikafunguka. Akanipa lenzi.

Speedmaster zilizovaliwa na waliotembea mwezini zilikuwa na mashine inayoitwa 321, iliyochorwa na Albert Piguet katika kiwanda cha Lemania miaka ya 1940. Katikati ya kazi yake palikuwa na gurudumu dogo lenye nguzo zilizosimama duara kama za baraza. Ukibonyeza kitufe cha kuanzisha au kusimamisha, gurudumu lile linageuka hatua moja, na makucha ya chuma yanaingia au kutoka kati ya nguzo. Kulikata na kulisugua lilikuwa jambo la muda na mkono mtulivu. Mwaka 1968 liliondolewa. Mashine mpya, 861, ikaweka mahali pake kipande bapa cha chuma chenye mabonde kando, ambacho ni rahisi zaidi kutengeneza na kurekebisha. Ya baharia, ya mwaka 1978, ilikuwa na kipande hicho. Nilikiona, kimekaa pale, kinyenyekevu, kinafanya kazi bila makosa.

Siidharau 861. Ni mashine ngumu kama jembe, na pamoja na warithi wake iliifanyia saa hii kazi zaidi ya nusu karne. Ila nilipoitazama nililazimika kukiri jambo: mabadiliko ya mwaka 1968 yalifanywa kurahisisha kazi ya kiwanda. Ule "mkono wa mtu" niliokuja kuutafuta ulikuwa umepunguzwa miaka kumi kabla baharia hajainunua saa yake.

Kisha fundi akanionyesha kitu ambacho nisingekiona peke yangu. Akazigeuza saa zote mbili, nyuso juu, akaniambia nihesabu vistari vidogo ukingoni, kati ya sekunde moja na nyingine.

Mashine ya 321 ilipiga mara tano kwa sekunde. Kwa hiyo uso wake uligawa kila sekunde mafungu matano, na mshale mrefu uliposimama, ulisimama juu ya kistari chake sawasawa. Ile 861 hupiga mara sita kwa sekunde. Lakini uso haukubadilishwa. Mafungu yalibaki matano, na kwa zaidi ya miaka hamsini mshale ulipita juu ya vistari visivyolingana na hatua zake. Mvaaji wa kawaida hakuwa na namna ya kulijua hilo. Toleo la mwaka 2021, lenye mashine ya 3861, limegawa sekunde mafungu matatu. Sita hugawanyika kwa tatu. Mshale ukisimama sasa, uso unasema kweli.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Kuna mtu ambaye, akitengeneza saa ambayo wanunuzi wangeipenda hivyo hivyo, alikwenda kurekebisha vistari vyembamba kama unywele kwa sababu tu havikuwa sahihi. Hiyo kwangu ndiyo maana ya fundi. Na toleo hilohilo lilirudisha mambo madogo yaliyokuwa yameachwa njiani: ile nukta iliyo juu ya namba 90 kwenye pete ya nje, na ngazi ndogo ya ukingo wa uso, mahali unapoteremka kidogo kabla ya kufika kando. Ya baharia haina ngazi hiyo. Kwa hiyo ya mwaka 2021 inafanana na za miaka ya 1960 kuliko inavyofanana nazo ile ya mwaka 1978. Hata mkanda umekonda kutoka milimita 20 penye kasha hadi 15 penye kifungo, ukakaa mkononi kama bangili iliyopimwa. Wa zamani ni mwepesi, mtupu ndani, na hung'oa vinyweleo.

Lakini kilichonigeuza moyo kabisa kilikuwa ndani.

Katika saa nyingi za mkono zenye kamani, nguvu yake huachiliwa kidogo kidogo na kipande kama nanga chenye vijiwe viwili vya yakuti. Kila pigo, jino la gurudumu hukwaruza juu ya jiwe huku likilisukuma. Mpango huo ulibuniwa Uingereza na Thomas Mudge katikati ya karne ya 18, na ni mzuri, lakini unahitaji tone la mafuta mahali pa kukwaruzana. Mafuta huzeeka. Hukauka, huchanganyika na vumbi, saa ikaanza kuchelewa. Fundi anasema nyingi katika saa zinazofika mezani kwake hazina ugonjwa mwingine.

George Daniels, aliyezaliwa mwaka 1926 katika umaskini mkubwa, alikuwa mtu wa kutengeneza saa nzima peke yake: kasha, magurudumu, mishale, uso, kila kitu, katika karakana yake. Miaka ya 1970, wakati saa za betri zilipokuwa zikifunga viwanda vya Uswisi kimoja baada ya kingine na watu wakisema saa ya kamani imekwisha, yeye alikaa akaufikiria upya ule mkwaruzo. Akabuni njia ambayo gurudumu hulisukuma jiwe kama mtu anavyosukuma bembea, kwa mguso mfupi, bila kuburuza. Mafuta hayaondoki kabisa, ila hayabebi tena mzigo uleule. Akazipelekea kampuni kubwa za Uswisi, na kwa miaka mingi hakupata wa kumkubalia. Omega ilianza kuuza saa zenye ubunifu wake mwaka 1999. Daniels alifariki mwaka 2011. Miaka kumi baadaye kazi yake iliingia ndani ya Speedmaster ya kila siku, hii ya chuma, ya kutia ufunguo kwa vidole asubuhi.

Kwa hiyo nilikuwa nimelitazama jambo kinyume. Saa ya 1978 ilibeba uamuzi wa kiwanda. Saa mpya ndiyo iliyobeba mkono wa mtu mmoja aliyekaa peke yake mbele ya mashine ya kukerezea, akipinga maoni ya wakati wake. Na ina mengine: hukaa saa 50 bila kutiwa ufunguo, haishtuliwi na sumaku hata ya gausi 15,000, na ukivuta kifundo cha pembeni mshale wa sekunde husimama ukusubiri, jambo ambalo ile ya zamani hailijui. Nani leo hakai karibu na sumaku? Spika, kasha la simu, kifungo cha mkoba. Fundi ana kifaa cha kuondolea sumaku kwenye meza, na siku hizi hakipumziki.

"Wewe ungechukua ipi, Fundi?" nikamuuliza.

Akaishika kwanza ya baharia. "Hii naijua. Vipuri vyake naweza kuvipata, na ikiharibika usiku wa manane ningeitengeneza." Kisha akaigeuza ile mpya, ambayo mgongo wake ni kioo cha yakuti, mashine yote inaonekana ikipumua. "Hii sijawahi kuifungua. Ina vifaa vyake na mafunzo yake." Akanyamaza kidogo. "Lakini natamani kuifungua."

Nilimwelewa. Amekaa kazini miaka arobaini, na bado uso wake uling'aa kwa kitu asichokijua.

Jambo moja lilibaki. Alipokuwa akikirudisha kifuniko cha ile ya zamani alikigeuza ndani, akakiweka chini ya taa. Palikuwa na mikwaruzo midogo, ya makusudi, iliyochorwa kwa ncha ya sindano: herufi, na mwaka. 1984. 1993. 2006. Kila fundi aliyeisafisha aliacha alama yake, ili atakayeifungua baada yake ajue ilishughulikiwa lini na nani. Alama ya 2006 ilikuwa ya kwake mwenyewe. Ya 1993 hakuitambua, lakini alisema mtu yule alikuwa na mkono mwepesi, kwa sababu hakuacha hata kovu moja kwenye skrubu.

Saa yenye mgongo wa kioo haina mahali pa kuandika hivyo.

Toleo la chuma la mwaka 2021 lilitolewa kwa sura mbili, na nilichukua ile nyingine: mashine ya 3861, lakini mbele ina kioo cha plastiki kama cha zamani, na nyuma kifuniko cha chuma. Plastiki huchubuka, najua. Mwaka 1971 kioo cha saa ya mwanaanga David Scott kiliruka kutoka mahali pake akiwa mwezini, akamalizia matembezi yake kwa saa nyingine. Lakini haipasuki ikamwaga vigae, na mchubuko wake hutoka kwa dawa ya kusugulia na kitambaa laini, kazi ya dakika kumi mtu akiwa barazani kwake. Baharia, aliposikia siinunui yake, alionekana kama aliyetuliwa mzigo. Siku chache baadaye nilisikia amempa mjukuu wake wa kike anayesomea uhandisi wa meli.

Yangu huitia ufunguo kila asubuhi kabla ya chai, mpaka kamani ikatae. Kifuniko chake ndani bado ni kitupu. Fundi ameikataza isifunguliwe kabla ya mwaka 2030, na tayari ana kijana mmoja mezani kwake, anayemfundisha kwanza kushika sindano.