Dakika 90 za Engelbart: Nimezitazama, na Moyo Bado Unanidunda

Weka slaidi kando. Funga hilo jedwali la makadirio ya mapato. Kama una kampuni changa na unajiandaa kuonyesha bidhaa yako mbele ya wawekezaji, wateja au majaji wa shindano, kuna filamu moja ya nyeusi na nyeupe ambayo lazima uitazame kabla hujafungua mdomo jukwaani. Nimeimaliza sasa hivi, na ninaandika haya kabla msisimko haujapoa!

Filamu yenyewe ilipigwa tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, Marekani, kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu wa kompyuta. Ukumbini wamekaa watu wapatao 1,000. Pembeni mwa jukwaa ameketi mhandisi mpole mwenye sauti ya chini, Douglas Engelbart wa Stanford Research Institute (SRI), amevaa vipokea sauti vyenye maikrofoni, na kwa dakika 90 anaonyesha mfumo ambao yeye na wenzake waliuita NLS. Mwaka 1994 mwandishi Steven Levy aliliita onyesho hilo mama wa maonyesho yote, na jina likaganda. Mimi naona jina lenyewe halitoshi!

Tazama anavyoanza. Haanzi na ukubwa wa soko. Haanzi na historia ya taasisi yake, wala safu ya picha za wenzake zenye vyeo chini yake. Anaanza na swali. Anawaambia, kwa maneno ya kawaida kabisa: tuseme ofisini kwako una kioo kilichounganishwa na kompyuta iliyo macho siku nzima kwa ajili yako, inayokujibu papo hapo kila unapoigusa, ungefaidika kiasi gani? Fanani wetu husema paukwa, na hasogei hatua mpaka ukumbi umwitikie pakawa. Engelbart naye amewatupia watu swali ambalo nafsi zao zinalijibu kabla yeye hajaendelea.

Na swali hilo alilipima vizuri. Mwaka 1968 wengi wa wale waliokaa ukumbini walikuwa wakitoboa programu zao kwenye kadi, wakazikabidhi kwa mwendeshaji wa mashine, kisha wakasubiri majibu kwa saa nyingi, pengine hadi kesho yake. Kosa dogo moja lilimaanisha kurudi mwanzo wa foleni. Mtu akikuambia kompyuta itakujibu papo hapo, tena wewe peke yako, amegusa kidonda unachokijua. Hakuhitaji kuwaeleza shida yao. Alihitaji kuitaja tu.

Kisha anafungua ukurasa mtupu. Anaandika neno moja. Analinakili, analinakili tena, analihamisha, analifuta. Hakuna shamrashamra. Lakini ukumbi mzima unaona maandishi yakitii mkono wa mtu, na kwa watu wa kadi za kutoboa hilo peke yake lilikuwa la kushangaza.

Halafu inakuja orodha ya sokoni, na hapa niliinuka kitini! Engelbart anaonyesha vitu anavyotakiwa kununua akitoka kazini: ndizi, karoti, supu, dawa ya aspirini. Anavipanga kwa makundi. Anakunja kundi likabaki kichwa chake tu, analikunjua, anahamisha kitu kutoka hapa kwenda pale. Baadaye anafungua ramani ya njia yake ya kurudi nyumbani, yenye vituo anavyopaswa kupitia. Anabofya kituo cha maktaba, na papo hapo yanatokea maelezo ya kinachompeleka huko. Ndugu msomaji, hivyo ni viungo, vile vile tunavyovibofya leo kutwa kucha, na alikuwa akivionyesha mwaka 1968!

Fikiria angeweza kuonyesha nini. Fedha za utafiti wake zilitoka ARPA, idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi, na zilitoka NASA. Angeweza kujaza kioo takwimu za vyombo vya anga na kila mtu angeinamisha kichwa kwa heshima. Angekosea! Hadhira ingetumia akili yake yote kuzielewa takwimu, isibakiwe na nafasi ya kuiona mashine. Ndizi na karoti hazihitaji kuelezwa. Unapoelewa yaliyomo bila kutumia nguvu, jicho linabaki huru kufuatilia kinachofanyika. Huu ndio ufundi ninaotaka kila mwanzilishi wa kampuni aunyakue: chagua mfano mwepesi kiasi kwamba bidhaa ndiyo inabaki kuwa kitu pekee kigeni kwenye kioo.

Zaidi ya hapo, ile orodha ni hadithi. Ina mtu, naye ni Engelbart mwenyewe anayetoka kazini. Ina haja, yaani vitu vya kununua na vituo vya kupitia. Ina njia, imechorwa pale kwenye ramani. Hakutangaza kwamba sasa anafika kwenye sehemu ya teknolojia ya viungo. Alikuwa anarudi nyumbani kwake, na teknolojia ikajitokeza kwa sababu safari iliihitaji. Nimeona maonyesho mengi ya kampuni changa ambamo mtoa mada hupitia vitufe vyote vya programu yake, kimoja baada ya kingine, kana kwamba anakagua mali ya ghala. Mtu huyo ana bidhaa nzuri mikononi na anaizika hai. Anipe mteja mmoja, siku moja, shida moja!

Kipanya je? Ndiyo, kipanya kipo, na karibu wote waliokuwa pale walikuwa wakikiona kwa mara ya kwanza. Engelbart alikuwa amekibuni, na mwenzake Bill English ndiye aliyeunda cha kwanza mwaka 1964: kifuniko cha mbao chenye magurudumu mawili chini. Hataza yake ilitoka mwaka 1970. Onyeshoni kinapewa muda mfupi mno. Anakionyesha, anasema hajui kwa nini wanakiita hivyo, kwamba jina lilianza tu na hawakulibadilisha, kisha anasonga mbele. Kitu ambacho dunia nzima ingekuja kukikumbuka kinapita kama chombo cha kazi tu! Na hivyo ndivyo ilivyopasa, kwa sababu shujaa wa simulizi ile ni mtu anayefikiri na mashine inayomsaidia kufikiri.

Sasa niseme juu ya kamera, maana hapa kuna dhahabu. Kamera moja inautazama mkono wake kutoka juu. Nyingine inautazama uso wake. Picha hizo zinachanganywa na maandishi ya kompyuta na kurushwa kwenye skrini kubwa kwa projekta ya aina ya Eidophor, mtambo adimu zama zile. Kwa hiyo unauona mkono ukisogea na kishale kikisogea kwa wakati mmoja. Sababu na matokeo viko pamoja. Wakati mwingine uso wake unaelea juu ya maandishi yenyewe, ukamwona akiwaza na ukaona wazo likitua kwenye ukurasa. Zaidi ya nusu karne baadaye bado nakaa kwenye kumbi ambako mtoa mada ameshika simu yake mwenyewe, anabofya kitu tusichokiona, kisha anatuambia kwamba malipo yamepita. Tuonyeshe kidole! Tuonyeshe simu ya mlipaji na simu ya mlipwaji, zote mbili, kwa ukubwa ambao hata aliyekaa mlangoni anasoma.

Safaricom walipozindua M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, nguvu ya jambo hilo ilikuwa ni ile ile. Tangazo lilizungumzia kutuma pesa nyumbani, jambo ambalo kila anayefanya kazi mjini analijua, na kila muamala ukawa onyesho kamili: unatuma hapa, ujumbe unaingia kwako, ujumbe unaingia kule. Hakuna aliyehitaji kuelezwa mtambo wa nyuma unavyofanya kazi.

Lakini sijafika kwa Paxton. Jamani, Paxton! Kompyuta yenyewe haikuwa ukumbini. Ilikuwa maabarani kwao Menlo Park, kilomita zipatazo 48 kutoka pale, na mawasiliano yalipita kwa mawimbi ya maikrowevu na laini ya simu. Kule maabara Stewart Brand alikuwa kwenye kamera, na ukumbini Bill English aliongoza mitambo yote, akibadilisha picha na kuzungumza na timu kupitia vipokea sauti. Engelbart anamwita mwenzake Bill Paxton aliyeko Menlo Park. Uso wa Paxton unatokea kwenye kona ya kioo, na wote wawili wanatazama ukurasa mmoja wa maandishi, kila mmoja na kishale chake, wanaelekezana na kuzungumza. Mkutano wa video na hati ya pamoja, mwaka 1968, moja kwa moja, bila rekodi! Ningekuwa ukumbini ningepiga mayowe.

Moja kwa moja: shikilia maneno hayo. Hadhira ilijua kwamba laini ikikatika, mtu yule atabaki jukwaani ametazama kioo kitupu mbele ya wenzake 1,000. Kwa kuwa kushindwa kuliwezekana, kufaulu kulikuwa na uzito. Video iliyorekodiwa na kusafishwa haiwezi kukupa jambo hilo, hata iwe nzuri namna gani. Wala ujasiri huu haukuwa kubahatisha, kwani nyuma yake kulikuwa na timu nzima iliyojenga, ikaunganisha na kupima kila waya. Steve Jobs alipoitambulisha iPhone tarehe 9 Januari 2007, pia San Francisco, simu zilizokuwapo zilikuwa za majaribio na zilikwama mara kwa mara. Wahandisi walikuwa wametafuta mfululizo wa hatua ambao simu iliuvumilia, na mezani kulikuwa na simu za akiba. Baada ya hapo Jobs akatangaza bidhaa tatu, akazirudia, akazirudia tena, mpaka ukumbi ukagundua wenyewe kwamba ni kifaa kimoja tu. Utundu ulioje! Aliwaachia watu furaha ya kufika kwenye jibu kabla yake.

Lakini nani alisema lazima jukwaa? Drew Houston wa Dropbox alitengeneza video fupi akionyesha mafaili yakijihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine, yeye mwenyewe akisimulia. Akaiweka mwaka 2008 mbele ya wapenzi wa teknolojia, akiwa ameificha ndani mizaha ambayo wao tu wangeitambua. Orodha ya waliosubiri bidhaa ikapanda kutoka watu 5,000 hadi 75,000. Mizaha ile haikuuza programu, ila iliwaambia watazamaji kwamba anayezungumza ni mwenzao.

Je, filamu ya Engelbart ina mahali inapolegea? Ndiyo. Jeff Rulifson anapoeleza jinsi programu za NLS zilivyojengwa kwa ndani, mwendo unashuka, na anayetazama bila ujuzi wa kompyuta atapotea. Kwa wataalamu wa siku ile sehemu hiyo ilikuwa na haki yake, maana walitaka kujua kama nyuma ya pazia kuna mtambo wa kweli. Ila mbele ya wawekezaji wa leo, sehemu hiyo iwe ya maswali baada ya onyesho, na mhandisi wako awe tayari kuijibu kikamilifu.

Onyesho lilipoisha, ukumbi ulisimama kushangilia. Hata hivyo NLS haikuenea kama ndizi sokoni. Ilikuwa ngumu kujifunza, hasa kibodi dogo la vitufe vitano la mkono wa kushoto lililotaka ukariri michanganyiko ya herufi. Mwaka 1977 SRI iliuza mfumo huo kwa kampuni ya Tymshare. Bill English alikuwa ameshahamia maabara ya Xerox PARC, ambako kompyuta ya Alto ya mwaka 1973 ilikuja na kipanya chake, na mwaka 1984 Macintosh ikakifikisha kwa umma. Mawazo yaliwakaa watu kichwani tangu alasiri ile ya Desemba, wakayajenga upya kwa njia rahisi zaidi. Engelbart alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1997, na alifariki mwaka 2013. Mwanzilishi anayetaka wateja, na si makofi peke yake, ana kazi ya ziada: kitu kile kile alichokifanya jukwaani kwa wepesi, mgeni akifanye mwenyewe siku ya kwanza.

Filamu ipo kwenye intaneti, bure. Mwenye haraka aanze na lile swali la ufunguzi, aende kwenye orodha ya sokoni na ramani, aruke maelezo ya ndani ya programu, kisha afike kwa Paxton na asiondoke mpaka nyuso zote mbili zionekane kwenye kioo. Mwenye jioni nzima aitazame yote, pamoja na timu yake, daftari mkononi. Mimi naiwasha tena sasa hivi!